Kuchagua Kifaa cha Mkononi cha Bei Nafuu kwa Jiokashingi Bila Karatasi

Utangulizi

Ufundishaji wa ramani katika shule za msingi una tatizo ambalo kila mwalimu analifahamu. Watoto hukariri kwamba latitudo ni mistari ya kubuni inayoizunguka dunia kutoka mashariki hadi magharibi. Huchora tufe daftarini, hujibu maswali ya mtihani, na wengi wao humaliza shule bila kujua latitudo ya uwanja wanaouchezea kila siku. Namba hizo hubaki kuwa mali ya kitabu.

Mchezo uitwao jiokashingi unaweza kuzitoa namba hizo kitabuni na kuziweka ardhini. Mchezaji hupewa majiranukta ya mahali fulani, huongozwa na kifaa kinachopokea mawimbi ya setilaiti, kisha hutafuta chombo kidogo kilichofichwa mahali hapo. Chombo hicho tutakiita hazina, ingawa aghalabu ndani yake hamna zaidi ya daftari dogo la kusaini na vitu vichache vya kubadilishana.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo kuchagua kifaa cha kuchezea mchezo huo kwa fedha kidogo, hususa kwa mtindo wa kucheza bila karatasi. Swali hili lisidharauliwe. Fedha za shule ni jasho la wazazi, na kifaa kilichonunuliwa bila kufikiri aghalabu huishia katika kabati la mwalimu mkuu.

1. Asili ya mchezo

Mfumo wa GPS ni wa Marekani. Setilaiti zake huizunguka dunia katika kimo cha kilometa 20,200 hivi, na kila setilaiti hukamilisha mizunguko miwili kwa siku. Kifaa kilichopo ardhini hupima muda ambao mawimbi yametumia kusafiri kutoka setilaiti zisizopungua nne, na kwa kipimo hicho hukokotoa mahali kilipo.

Kwa miaka mingi serikali ya Marekani iliyapunguza makusudi ubora wa mawimbi waliyoyatumia raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa meta 100. Upunguzaji huo uliondolewa mwanzoni mwa Mei 2000, na mara moja kosa likapungua hadi meta 10 au 20. Tarehe 3 Mei 2000, Dave Ulmer aliweka ndoo yenye vitu mbalimbali msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, kisha akawatangazia watu majiranukta yake. Siku chache baadaye ndoo ikawa imepatikana, na wengine wakaanza kuficha zao. Kutoka hapo mchezo umeenea duniani kote.

2. Maana ya kucheza bila karatasi

Kila hazina ina ukurasa wake wa maelezo. Ukurasa huo huonyesha jina la hazina, majiranukta, ukubwa wa chombo, kiwango cha ugumu wa kutafuta na cha ugumu wa ardhi (kila kimoja hupimwa kwa namba 1 hadi 5), maelezo ya mahali, kidokezo cha kumsaidia aliyeshindwa, na taarifa za watu waliotangulia kufika.

Vifaa vya mwanzo havikuweza kubeba mambo hayo yote. Vilihifadhi majiranukta na jina fupi tu. Mchezaji alipaswa kupiga chapa ukurasa wa kila hazina, na aliyekusudia kutafuta hazina 20 alibeba bunda la karatasi ambalo mvua moja iliweza kuliharibu. Baadaye wengine walitumia vifaa viwili kwa pamoja, kimoja cha GPS na kingine, kompyuta ndogo ya kiganjani, cha kusomea maelezo. Mwaka 2008 kampuni ya Garmin ilitoa kifaa kiitwacho Colorado, ambacho kiliunganisha kazi hizo mbili. Tangu hapo vifaa vya namna hiyo vimeongezeka na bei imeshuka.

Siri ya mtindo huu ni faili la GPX. Hili ni faili la maandishi ya kawaida ambamo majiranukta, maelezo, kidokezo na taarifa za waliotangulia huandikwa kwa utaratibu unaofahamika na vifaa vya makampuni mbalimbali. Basi kifaa kisichoweza kusoma maelezo yaliyomo katika faili la GPX hakifai kwa mtindo wa bila karatasi, hata kama ni kizuri kwa mambo mengine. Hili ndilo jambo la kwanza la kumwuliza muuzaji.

3. Mambo ya kuangalia

(a) Usahihi. Katika uwanja ulio wazi, vifaa vingi vya siku hizi huonyesha mahali kwa kosa la meta chache. Chini ya miembe mikubwa au kando ya majengo marefu kosa huongezeka. Kifaa kinachopokea mawimbi ya mifumo mingine pamoja na GPS, kama GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, huona setilaiti nyingi zaidi, na hivyo hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye vizuizi. Hata hivyo mwalimu asihangaike kutafuta usahihi wa kupindukia. Hazina ikifichwa katika eneo ambalo watoto wanaweza kulipekua, kosa la meta tano halidhuru. Kinyume chake, huwalazimisha kuacha kutazama kioo na kuanza kutazama ardhi.

(b) Nishati. Hapa ndipo vifaa vingi vya bei ya juu vinaposhindwa na vya bei ya chini. Kifaa kinachotumia betri mbili ndogo za AA kinaweza kupata nishati katika duka lolote la kijijini. Garmin eTrex 10 na eTrex 20, vilivyotolewa mwaka 2011, vinaweza kufanya kazi kwa muda wa saa 25 hivi kwa betri mbili. Kifaa chenye betri ya kuchaji iliyojengewa ndani hutegemea umeme, na betri yenyewe ikichakaa kifaa chote huwa mashakani.

(c) Kioo. Vioo vya vifaa vingi vya GPS vimetengenezwa ili visomeke juani bila taa ya ndani. Kioo cha simu husomeka vizuri darasani, lakini saa sita mchana kiwanjani watoto hukizungushia viganja ili kukitilia kivuli. Kisome kifaa nje ya duka, chini ya jua.

(d) Uimara. Alama ya IPX7 ina maana kwamba kifaa kimepimwa kuzamishwa katika maji ya kina cha meta moja kwa dakika 30 bila kuharibika. Kifaa kitakachopita katika mikono ya watoto kinahitaji ulinzi kama huo.

(e) Dira. Baadhi ya vifaa vina dira ya kielektroniki, na vingine havina. Kisicho na dira hufahamu mwelekeo wa mchezaji anapotembea tu, kwa kulinganisha mahali alipokuwa na mahali alipofika. Akisimama, mshale wake hupoteza maana. Katika kununua, hiki ni kipengele kinachopandisha bei. Katika kufundisha, ukosefu wake si hasara kubwa, kwa maana humpa mwalimu sababu ya kumtaka mwanafunzi atumie dira ya kawaida ya sumaku.

(f) Kuunganisha na kompyuta. Vifaa vya zamani sana hutumia waya wa aina ambayo kompyuta za siku hizi hazina tundu lake. Chagua kifaa chenye waya wa USB, na uhakikishe kwamba waya huo unapatikana. Ramani za rangi na kadi ya kumbukumbu ni vizuri kuwa navyo, lakini si vya lazima: eTrex 10 haina vyote viwili na bado hucheza bila karatasi.

4. Njia tatu za mwenye fedha kidogo

Njia ya kwanza ni simu janja ambayo mwalimu tayari anayo. Simu nyingi zina kipokeo cha GPS, nacho hufanya kazi hata pasipo mtandao wa simu, ila huchukua muda mrefu zaidi kupata mahali kwa mara ya kwanza. Programu iitwayo c:geo hupatikana bure kwa simu za Android, nayo inaweza kupokea faili la GPX na kuhifadhi ramani za kutumiwa pasipo mtandao. Gharama ya kuanza ni ndogo mno. Udhaifu wa simu ni betri kumalizika upesi, kioo kushindwa na jua, na zaidi ya yote, simu ni mali binafsi yenye mambo binafsi ya mwalimu. Simu ya mwalimu ikianguka, hasara ni ya nani?

Njia ya pili ni kifaa cha GPS kilichokwisha kutumika. eTrex 10, eTrex 20 na Dakota 20 zote hucheza bila karatasi. eTrex 20 ina kioo cha rangi na nafasi ya kadi, Dakota 20 ina kioo cha kugusa na dira ya kielektroniki, na eTrex 10 ndiyo ya kawaida kuliko zote. Kwa shule, eTrex 10 au 20 inafaa zaidi, kwa sababu vitufe vyake huvumilia vidole vyenye vumbi.

Njia ya tatu ni kifaa kipya cha daraja la chini. Garmin eTrex SE ilitolewa mwaka 2023 kwa bei ya dola 149.99 nchini Marekani. Ina dira ya kielektroniki, hutumia betri mbili za AA, na kampuni inaeleza kwamba betri hizo zinaweza kufikisha saa 168. Mnunuzi akumbuke kuongeza gharama ya usafirishaji na kodi.

Maoni ya mwandishi ni kwamba mwalimu aanze na simu yake mwenyewe. Acheze peke yake au na wenzake, atengeneze majaribio mawili matatu, na ahakikishe kwamba mchezo huu unalifaa somo lake. Akiisha kuridhika, ndipo ashauri shule inunue kifaa kimoja cha betri za AA, kilichotumika lakini kizima. Kuanza kwa kununua ni kutanguliza mkokoteni mbele ya punda.

5. Kukijaribu kifaa kilichotumika

Kabla ya kulipa, fanya majaribio yafuatayo:

Kwanza, kiwashe mahali pa wazi na usubiri. Kifaa kilichokaa bila kutumika kwa muda mrefu hulazimika kupokea upya orodha nzima ya setilaiti, na orodha hiyo hutangazwa kwa muda wa dakika 12 na nusu. Usikikatae kifaa kwa sababu ya dakika mbili za kwanza.

Pili, tazama tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu majuma hadi 1,024, kisha huanza tena sifuri. Hesabu hiyo ilianza upya usiku wa tarehe 6 Aprili 2019. Baadhi ya vifaa vya zamani tangu hapo huonyesha tarehe ya miaka karibu 20 iliyopita. Mahali huweza kuonyeshwa sawasawa, lakini tarehe ya kosa ni dalili kwamba programu ya kifaa haikufanyiwa marekebisho.

Tatu, fungua mahali pa betri. Kutu ya kijani kwenye vyuma huonyesha kwamba betri zilivujia humo.

Nne, ingiza faili la GPX lenye hazina moja, kisha uhakikishe kwamba maelezo na kidokezo vinasomeka. Namba zikionekana bila maelezo, hicho si kifaa tunachokitafuta.

6. Kupanga kifaa kwa usahihi

Makosa mengi yanayolaumiwa vifaa hutokana na mpangilio. Jiokashingi huandika majiranukta kwa nyuzi na dakika zenye desimali, si kwa nyuzi, dakika na sekunde. Tuchukue mfano wa mahali katika mji wa Morogoro: kusini nyuzi 6 dakika 49.300, mashariki nyuzi 37 dakika 39.700. Mtu akiisoma 49.300 kama dakika 49 na sekunde 30, atakuwa amesoma dakika 49.500. Dakika moja ya latitudo ni meta 1,852 hivi ardhini. Kwa hiyo atakosea kwa meta 370, na watoto watapekua shamba la mtu asiyehusika.

Jambo la pili ni msingi wa ramani. Mchezo hutumia msingi uitwao WGS 84, lakini ramani za zamani za Afrika Mashariki za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa Arc 1960. Tofauti kati yake katika nchi yetu ni kama meta 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Mwalimu akitaka kulinganisha kifaa na ramani ya namna hiyo, hana budi kubadili mpangilio wa kifaa kwanza, na kuurudisha baadaye.

Jambo la tatu huhusu wale watakaoandika faili lao wenyewe, nalo ni zuri kwa shule kwa sababu halihitaji kulipa ada ya uanachama wa mtandao wowote. Katika GPX, majiranukta huandikwa kwa nyuzi zenye desimali, na kusini huwekewa alama ya kutoa. Dakika 49.300 zikigawanywa kwa 60 hupatikana 0.82167, kwa hiyo latitudo ya mfano wetu ni -6.82167. Alama hiyo ikisahauliwa, kifaa kitamwelekeza mtoto wa Morogoro kusini mwa Ethiopia. Hilo lenyewe ni somo la hesabu na la jiografia kwa pamoja.

7. Kifaa kimoja na darasa la watoto 60

Watafutaji waliacha karatasi kwa sababu zilikuwa mzigo. Mwanafunzi hayuko katika hali hiyo. Kwake daftari na kalamu ndiyo njia ya kufikiri, na kifaa kikiachwa kifanye kila kitu, mtoto mmoja atafuata mshale na 59 watamfuata mtoto huyo. Kwa hiyo kifaa kiwe bila karatasi, lakini darasa lisiwe bila karatasi.

Yafaa kundi moja la watoto kumi litoke na kifaa wakati makundi mengine yana kazi nyingine, na ndani ya kundi kila mmoja awe na jukumu. Mmoja ashike kifaa na kusoma namba kwa sauti. Mwingine aziandike. Wawili wahesabu hatua. Wawili washike dira ya sumaku. Waliobaki wachore ramani ya njia. Kila baada ya hatua 20 wasimame, waandike latitudo mpya, na watafute tofauti. Ikiwa latitudo imebadilika kutoka dakika 49.300 hadi 49.320, wamekwenda kusini meta 37. Hapo ndipo mtoto anapotambua kwamba mstari wa latitudo umepita chini ya miguu yake.

Kidokezo nacho kina nafasi yake. Katika mchezo huu vidokezo huandikwa kwa fumbo: kila herufi hubadilishwa na ile iliyo nafasi 13 mbele yake katika orodha ya herufi 26, A ikawa N, B ikawa O. "Chini ya mti" husomeka "Puvav ln zgv". Watoto hulifumbua kwa furaha, na kundi lililochoka hupata nguvu mpya.

Mwisho, mwalimu asifiche chombo chochote kabla ya kuomba ruhusa ya mwenye eneo na kuuarifu uongozi wa kijiji au mtaa. Chombo kisichojulikana, kilichokutwa chini ya mti na mtu asiyejua habari zake, huzua hofu na tuhuma. Kanuni za mchezo zenyewe hukataza kuchimba shimo la kufukia hazina bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi, na hukataza kuweka chakula ndani yake. Kichombo cha plastiki chenye mfuniko mzuri, kilichoandikwa jina la shule kwa nje, chatosha.

Hitimisho

Kifaa kinachofaa ni kile kinachosoma faili la GPX pamoja na maelezo yake, kinachopata nishati pale shule ilipo, kinachosomeka juani, na kinachostahimili mikono ya watoto. Sifa nyingine zote huja baada ya hizo nne, na fedha zisitumike kwazo wakati darasa halina dira wala karatasi za kuchorea. Mwalimu anayejua dakika moja ya latitudo ni meta ngapi atafundisha vizuri kwa kifaa cha bei ya chini kuliko vyote. Asiyejua, hakuna kifaa kitakachomfundishia.

Maswali ya kujadili

1. Dakika moja ya latitudo ni meta 1,852 hivi. Je, dakika 0.005 ni meta ngapi? Mlinganishe jibu lenu na usahihi wa kifaa cha mkononi.

2. Kwa nini dakika moja ya longitudo hupungua urefu kadiri tunavyokwenda mbali na Ikweta, lakini katika Tanzania upungufu huo ni mdogo?

3. Shule yako ina kifaa kimoja kisicho na dira ya kielektroniki. Andaa somo la dakika 40 ambalo litautumia upungufu huo kwa manufaa ya wanafunzi.